Kabla hujanunua kitabu cha mapishi ya mtoto

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa baba watoto. Umeniuliza hivi: mjukuu wangu, mume wangu mdogo, anatimiza miezi sita wiki ijayo, umeona dukani kitabu cha mapishi ya watoto wachanga, picha zake zinavutia na bei yake si ya kitoto. Je, ukinunue? Kinunue kama kinakufundisha kumtolea mtoto chakula kwenye sufuria yenu wenyewe. Kama ni mapishi mia ya kusaga matunda kwenye blenda, kirudishe kwenye rafu, pesa yake ununue maini.

Kifungue kwanza pale penye umri. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani vinaanzia miezi minne. Shirika la Afya Duniani linasema miezi sita, yaani siku 180, na kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Halafu tafuta asali. Ukiikuta kwenye pishi la mtoto asiyetimiza mwaka, mwandishi huyo hajui kazi yake: asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, na utumbo wa mtoto mdogo hauna uwezo wa kuzizuia zisiote humo.

Kisha tazama wiki za kwanza analishwa nini. Ikiwa mwezi mzima ni tufaha, peasi na karoti, hapo ndipo penye kasoro kubwa. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inakaribia kwisha akifika miezi sita, na maziwa yako yana chuma kidogo mno. Nyama, maini, dagaa, yai na maharage viwe mwanzoni mwa kitabu. Maini mara moja kwa wiki yanatosha, kwa kuwa yana vitamini A nyingi sana.

Vipimo navyo visikuchanganye. Kikombe cha vitabu vya Marekani ni karibu mililita 240, kikombe chako cha chai huenda ni 180. Tumia bakuli moja la mililita 250, lipime kwa chupa ya maji, liwe lake peke yake. Anza na vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa mlo, mara mbili au tatu kwa siku, uongeze taratibu mpaka nusu bakuli. Miezi tisa hadi kumi na moja ni nusu bakuli mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati. Akipita mwaka, robo tatu hadi bakuli zima.

Sasa uji, maana najua ndio utakaoanza nao. Kosa kubwa ni wepesi. Tumbo lake ni dogo. Uji wa kunyweka unalijaza maji, anashiba na uzito hauongezeki. Koroga unga wa ulezi vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa kwenye maji baridi kidogo usifanye madonge, mimina kwenye maji yanayochemka, yote yawe mililita 250, upike robo saa moto mdogo ukikoroga. Inamisha kijiko: uji ukae, usitiririke. Hapo weka yai moja lililopigwa, endelea kukoroga dakika tatu liive kabisa, au weka kijiko cha chai cha karanga zilizosagwa laini. Mafuta nusu kijiko cha chai. Sukari na chumvi usiweke.

Ukiona uzito wa uji unamshinda kumeza, usiongeze maji, tumia kimea. Loweka ulezi usiku mzima, chuja, ufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili uchipue, anika ukauke kabisa, saga. Pika uji mzito sana, epua, uache upoe kidogo, tia kijiko cha chai kimoja cha unga wa kimea, koroga dakika tano. Utauona unalegea wenyewe bila kupoteza nguvu yake. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo. Wengi wanaitia kimea kwenye uji unaotokota, kisha wanasema haifanyi kazi. Joto hilo limeshaiua. Ulezi ukitoa ukungu wakati wa kuanika, tupa wote.

Ule unga wa lishe wenye nafaka tano, soya na karanga humohumo usiutamani. Soya inataka moto wa muda mrefu kuliko ulezi, karanga zikishasagwa mafuta yake yanachacha upesi, na punje chache zenye ukungu zinaharibu mfuko mzima. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Saga nafaka moja, kidogo kidogo, na karanga zichambue mwenyewe: zilizosinyaa na zilizobadilika rangi zote nje.

Dagaa wa Mwanza chagua walioanikwa kwenye chanja. Wa mchangani utawaosha mpaka uchoke na bado meno yatasaga mchanga. Toa vichwa na matumbo, osha, kausha kwenye kikaango bila mafuta, saga, chekecha. Kijiko cha chai kimoja kwenye uji au viazi kinatosha kwa mlo.

Sufuria yenu ndiyo kitabu chenyewe. Mfano wa watu watatu: kaanga kitunguu kimoja kwa vijiko viwili vya mafuta, tia nyanya mbili zilainike, nyama ya kusaga robo kilo mpaka ibadilike rangi, viazi lishe nusu kilo vilivyokatwa, maji bakuli mbili. Funika dakika ishirini na tano, mchicha uingie dakika tano za mwisho. Kabla chumvi na pilipili hazijagusa sufuria, mchotee chake. Vile vipande vya kiungo cha mchuzi vya dukani navyo ni chumvi, visubiri.

Na mchotee nyama yenyewe! Huu mtindo wa kumpa mtoto mchuzi huku wakubwa wakitafuna minofu ndio unaowanyima chuma watoto wengi walio kwenye nyumba zenye nyama. Chuma kinabaki kwenye mnofu. Siku ya maharage, yaloweke usiku, maji ya kulowekea umwage, na mpe kipande cha papai au chungwa mlo huohuo, kinasaidia chuma kufyonzwa. Chai inafanya kinyume, hata ya maziwa.

Blenda iache. Miezi sita ponda kwa uma, laini. Miezi minane acha vibonge vidogo. Mwaka, vipande vya kushika. Anayelishwa vilivyosagwa mpaka mwaka anakuja kukataa kutafuna, na hapo utaniita nije. Ila karanga nzima, karoti mbichi na zabibu nzima zinapalia. Zabibu ikate kwa urefu.

Kwa siku, hesabu makundi manane: maziwa yako, nafaka pamoja na mizizi na ndizi, kunde na karanga, maziwa ya mnyama na mtindi, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A, matunda na mboga nyingine. Yakifika matano, siku imekwenda vizuri.

Vitabu hivyo vinapenda kugandisha chakula kwenye vitrei vya barafu. Inafaa kama umeme wenu haukatikikatiki. Kilichoyeyuka usikigandishe tena, pasha mpaka kitoe mvuke, na kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili kimwage. Kilichoguswa na kijiko cha mdomoni hakirudi friji.

Kesho ukipita dukani, piga picha ukurasa wa yaliyomo na pishi moja la miezi sita, unitumie. Nitakuambia.

Mama