Jina la Nyumbani Linapopotea Umeme Ukirudi: Maswali na Majibu

Duka langu liko Ngamiani, Tanga, na niwapo safarini Korogwe hutazama kamera zake kwa jina la DNS, yaani jina la intaneti linaloelekeza kwenye anwani ya ruta (namba zake za IP) na kuifuata inapobadilika. Umeme ukikatika na kurudi, jina halinifikishi tena. Nianzie wapi?

Ruta ikiwaka upya, mara nyingi hupewa anwani nyingine na kampuni ya intaneti, na programu ndogo iliyomo ndani yake hupaswa kumpelekea mtoa huduma wa jina anwani hiyo mpya. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, andika karatasini anwani tatu: iliyoonyeshwa na ruta upande wa intaneti, iliyoonyeshwa na tovuti ya kupima anwani ukiwa dukani, na ile unayojibiwa ukiliuliza jina lako kwa nslookup, amri ya kompyuta inayoonyesha anwani ya jina. Mbili za kwanza zikifanana na ya tatu ikabaki ya zamani, taarifa haikutumwa au ilikataliwa, kwa hiyo fungua kumbukumbu za ruta (log) usome jibu la mwisho la mtoa huduma. Kwa watoa huduma wengi, badauth ni nywila au jina la mtumiaji lisilo sahihi, nohost ni jina lisilokuwamo katika akaunti, na abuse ni kufungiwa, kwa kawaida kwa sababu ya kutuma taarifa mara nyingi mno.

Kwa kuwa tatizo lako huja na umeme, nakusihi utazame pia saa ya ruta. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya kutunza saa, hivyo huamka na tarehe ya zamani mpaka zipate saa kutoka seva ya NTP, yaani kompyuta ya intaneti inayotoa saa sahihi. Nililiona hili Makorora kwa jirani yangu: ruta ilisema ni Januari 1970, na kila alipobonyeza kitufe cha kusasisha, ilikataa cheti cha usalama cha mtoa huduma (kinachothibitisha kuwa seva ni yake kweli) kwa kuwa, kwa saa yake, muda wa cheti ulikuwa haujaanza. Tulipoandika pool.ntp.org mahali pa seva ya saa, taarifa ilipita bila kubadilisha nywila.

Mimi niko Chumbageni. Ruta yangu inaonyesha anwani inayoanza na 100.72, jina limesasishwa, lakini siingii.

Anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa kampuni za intaneti zinazowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Hapo hata jina likisasishwa kila dakika, mgeni wa nje hataufikia mlango wako, na kufungua poti (njia ya kupokea mawasiliano ya nje) kwenye ruta hakusaidii. Iombe kampuni yako anwani ya umma, au tumia njia ya VPN (njia iliyofichwa kupitia intaneti) kama WireGuard kupitia seva iliyo na anwani hiyo. Wale wanaoona 192.168 upande wa intaneti kwa kawaida wana ruta au modemu nyingine mbele. Waiweke ya mbele katika hali ya daraja (bridge), ili ipitishe tu mawasiliano na anwani ya nje iifikie ruta yao.

Kwa data ya simu jina linafunguka, lakini nikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani halifunguki. Je, limeharibika?

Halijaharibika. Ruta yako hairudishi ndani mawasiliano yanayoelekea anwani yake ya nje. Washa kipengele cha NAT loopback, kinachofanya kazi hiyo ya kurudisha, kama kipo. Kisipokuwepo, ukiwa nyumbani tumia anwani ya ndani ya kamera.