Ni kweli wauza vitabu hupandisha bei mwandishi anapofariki?

Mleta mada ameuliza kama ni kweli kwamba sisi wauza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara hupandisha bei pindi mwandishi anapofariki, kwa kuwa yeye mwenyewe, siku mbili baada ya habari za kifo cha Ngũgĩ wa Thiong'o mwezi Mei 2025, alitajiwa bei maradufu ya ile aliyokuwa ametajiwa wiki iliyotangulia. Ninatandika vitabu katikati ya jiji la Dar es Salaam, si mbali na Sanamu ya Askari, tangu mwaka 1998, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona na kwa niliyoyatenda. Jibu ni ndiyo. Tunapandisha, na mimi nimepandisha.

Jirani yangu anauza magazeti. Kila asubuhi, kabla sijamaliza kupangusa vumbi, watu kadhaa huwa wamekwisha kuinama mbele ya meza yake wakisoma vichwa vya habari bila kununua, nami nimezoea kuutazama mkao wao kama mvuvi anavyotazama mawingu. Wakibishana kwa sauti, habari ni ya mpira au ya siasa, na kwangu hatakuja mtu. Wakinyamaza, kuna msiba mkubwa, na kabla ya adhuhuri wataanza kunijia mmoja mmoja wakiuliza, kwa sauti ya chini kama watu walio matangani, iwapo marehemu aliacha kitabu.

Nililijua hilo kwa mara ya kwanza tarehe 14 Oktoba 1999, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere. Tafsiri zake za tamthiliya mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, zilikuwa zimelala chini ya meza yangu muda mrefu bila mtu kuzigusa, lakini wiki ile ziliondoka zote. Nakala ya mwisho niliitaja kwa bei mara tatu ya kawaida, na mzee mmoja mwenye kanzu hakupatana nami hata kidogo, akanihesabia noti, akasema, "Mwanangu, hata mwenye majeneza anauza." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitetea au ananisuta.

Januari 2020, alipofariki Euphrase Kezilahabi, walionijia kutafuta Rosa Mistika ya mwaka 1971 walikuwa zaidi watu wazima wenye mvi, ambao walitaka niwape ile yenye jalada la zamani, kwa sababu waliisoma kwa kujificha enzi zile ilipopigwa marufuku shuleni. Mmoja aliifungua, akainusa, akalipa, akaondoka bila kusoma hata mstari. Hata hivyo, nisingependa mleta mada adhani kwamba kinachotulipa ni kifo. Abdulrazak Gurnah alipotangazwa kuwa mshindi wa Nobeli tarehe 7 Oktoba 2021 alikuwa hai na mzima wa afya, na bado niliulizwa vitabu vyake siku ile kuliko nilivyowahi kuulizwa vya marehemu yeyote. Sikuwa navyo, wala jirani zangu hawakuwa navyo, na Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake, ilitoka mwaka uliofuata, wengi walioniuliza wakiwa wamekwisha kusahau. Kinachotulipa ni habari, na habari haidumu mezani kwa jirani yangu zaidi ya siku tatu. Ndiyo sababu ya zile bei za haraka, ambazo sizitetei.

Lakini vifo ninavyoviwaza zaidi ni vile ambavyo magazeti hayavitaji, kwa kuwa ndivyo vinavyoijaza meza yangu. Kwa kawaida simu hupigwa baada ya arobaini, ndugu wakishagawana vyombo na nguo, na chumba kikihitajika kupangishwa. Nikifika, nakuta vitabu vimekwisha kutiwa kwenye viroba, na mara nyingi anayeniuzia hataki hata tuvifungue, anataka nitaje bei ya jumla nimwondolee mzigo. Visivyouzika huishia kwa wauza karanga, ambao hununua karatasi kwa kilo na hawajali ni shairi au ni sheria. Mtu aliyekusanya vitabu kwa miaka arobaini humalizika kwangu ndani ya nusu saa, na kwa mwandiko wake pembeni mwa kurasa naweza kukuambia alikuwa na subira au hasira, na mahali alipochoka kusoma.

Miaka michache iliyopita nilinunua viroba vitano vya mwalimu mmoja mstaafu. Ndani yake kulikuwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la mwaka 1981, ambayo uti wake ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi wa kushonea magunia. Pembeni mwa kurasa, kwa kalamu ya risasi iliyochongwa vizuri, alikuwa ameongeza maneno ambayo hayakuwamo, kila neno na maana yake na mahali alipolisikia: "mama, Kilwa", "kuli, bandarini", "mke wangu, akiwa na homa." Niliona ni kitabu kilichochafuliwa, nikakiuza kwa bei ya chini kwa kijana nisiyemjua.

Baada ya wiki mbili akaja mwanamke, akanisalimia kwa adabu, akasema kaka zake waliniuzia vitabu vya baba yao wakati yeye yuko safarini, na kwamba havidai vyote, anaomba kamusi tu. Nilimweleza ukweli. Kwa aibu nikamtolea nakala nyingine ya toleo lile lile, safi, nikamwambia aichukue bure. Aliifungua pembeni, akapitisha kidole kwenye ule weupe kana kwamba anatafuta kitu, akanirudishia kwa mikono miwili. "Ahsante, baba," akaniambia. "Hii ni ya dukani."

Kijana yule nilimwulizia kwa wenzangu wote mpaka Kariakoo, sikumpata.

Tangu hapo, vitabu vya marehemu vyenye mwandiko sivitandiki moja kwa moja. Navitia kwenye boksi, naandika juu yake mtaa na tarehe niliyovichukua, naviweka miezi mitatu, na wale waliouza nawaachia namba yangu, nikiwasihi wamwambie kila ndugu ambaye hakuwapo. Wenzangu wananicheka, kwa kuwa boksi lisilouzwa ni hela iliyolala, na ni kweli kwamba hadi sasa ni ndugu wawili tu waliorudi. Leo yapo maboksi mawili chini ya meza, na moja linatimiza miezi yake Ijumaa. Vya Ngũgĩ ninavyo viwili, mleta mada, kwa bei ile ile ya Aprili.