Mjane wa Ndanda: Mungu hajakwambia uuze korosho kwa kangomba

Barua ya leo imetoka Ndanda, kaandika mama wa miaka 36, mjane, ana watoto watatu. Ni ndefu, naifupisha. Mume wake alifariki Machi mwaka jana, presha ilipanda usiku akaanguka, hawakuwahi. Ni Wakatoliki wote, ila yeye baada ya msiba kahamia kwenye huduma ya mtumishi mmoja aliyefungua maombi Masasi, anasema ndiye aliyemfariji kuliko wote. Mtumishi kamwambia kifo kile kina mkono wa mtu, na mtu mwenyewe ni mama mkwe. Ushahidi anao: mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja alimkuta huyo bibi makaburini asubuhi na mapema, ana fagio na mishumaa, anaongea peke yake juu ya kaburi la mwanae. Tangu siku hiyo watoto hawakanyagi kwa bibi yao. Halafu kuna shemeji anayemsumbua kuhusu mirathi, anahisi anataka mali au anataka kumrithi yeye. Anauliza, "Shangazi nifanyeje niendelee kumtumaini Mungu peke yake na hawa wakwe waniachie amani yangu?"

Pole mwanangu. Kufiwa na mume una watoto watatu na mdogo hata shule hajaanza si jambo la kumwombea hata adui. Pole sana.

Haya, tuanze na makaburi maana hapo nilicheka halafu nikanyamaza. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, mama Mkatoliki, fagio, mishumaa. Wewe si umebatizwa, ukapata komunyo, ukafunga ndoa mbele ya padre? Tarehe 2 Novemba ni siku gani? Ni Marehemu Wote! Watu wanafagia makaburi ya watu wao, wanawasha mishumaa, wanasali. Ungepita siku ile makaburi yote ya Wakatoliki kuanzia hapo Ndanda mpaka Nachingwea ungekuta wachawi wengi ajabu, na padre katangulia mbele na maji ya baraka. Bibi wa watu alikuwa anamwombea mwanae rehema, wewe ukaona uchawi kwa sababu mtu alishakupa miwani ya kuonea uchawi. Na wewe mwenyewe asubuhi ile ulifuata nini makaburini? Hujaandika. Mimi nadhani lililomtoa yeye nyumbani ndilo lililokutoa na wewe, mngefagia wote mkalia wote mkarudi kunywa chai.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe umepoteza mume na unaweza kuolewa tena, Paulo mwenyewe anawashauri wajane vijana waolewe. Yeye atampata wapi mtoto mwingine wa umri ule? Na wajukuu ndio sura ya mwanae iliyobaki, umewafungia ndani. Mimi niko upande wa mama mkwe na nalisema mchana kweupe.

Sasa kuna sentensi moja umeipenyeza katikati ya barua kama vile haina maana. Umeandika "na dawa za presha alikuwa ameziacha tangu Krismasi alisema anajisikia vizuri", halafu haraka haraka ukarudi kwa mama mkwe. Mwanangu, barua yako yote iko hapo. Presha haina maumivu ya kukutangazia hodi, mtu anajisikia mzima kabisa huku inapanda, ndio maana dawa yake haiachwi kwa sababu umejisikia vizuri, inaachwa daktari akisema. Akiacha mwenyewe ndio kiharusi, ndio moyo, ndio usiku mmoja watu wanapiga yowe. Hilo unalijua na linakula ndani, unajiuliza mbona sikumsimamia, mbona sikuhesabu vidonge. Akaja mtu akakwambia si wewe, si vidonge, ni mama mkwe, ukapumua. Faraja yake ndiyo hiyo kwamba kakutua mzigo, ila kamtwisha mama wa watu. Mume wako alikuwa mtu mzima, vidonge kaviacha yeye, si dhambi yako wala si ya mama yake. Kalie hilo. Kwenye barua nzima hujasema umelia hata siku moja, umesema umefunga, umekesha, umevunja maagano. Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro na alikuwa anajua dakika chache mbele anamfufua, sasa wewe nani kakwambia machozi ni kukosa imani?

Tuje kwenye pesa. Unasema msimu uliopita "Mungu alifungua njia" ukauza korosho kwa kangomba, yaani kichochoroni nje ya mnada, sehemu kubwa ikaenda kwenye sadaka ya kuvunja madhabahu. Njia gani hiyo? Kila mtu kusini huku anajua kangomba ni nini, mtu anakupimia kwa bakuli anakupa bei ya njaa halafu anaenda kupata faida yeye. Na kwa nini ulienda kangomba? Kwa sababu AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, malipo ya mnada yanapita benki na akaunti ni ya marehemu, na akaunti ya marehemu haifunguki bila msimamizi wa mirathi. Na nani anakwambia kila wiki mfungue mirathi? Shemeji! Yule yule unayemwita mnyang'anyi ndiye anataka pesa ya watoto itoke benki.

Anataka kukurithi? Mwenyewe umeandika mara ya mwisho alikuja na mke wake pamoja na mjomba wa watoto. Mwanaume anayetaka kurithi mjane anakuja na mkewe? Na hata angetaka, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanamke aliyefiwa yuko huru kukaa anapotaka, asiolewe au aolewe na mwanaume anayemchagua yeye, mila iseme isiseme. Kwa hiyo hapo hofu yako haina miguu.

Hofu ya mali sikubezi. Huku kwetu Wamakonde, Wamakua, Wayao, ukoo unafuata kwa mama, na zamani mwanaume akifa wapwa zake wanasogea kwenye mali na mke anarudi kwao na watoto wake, wajane wengi wamelizwa hivyo. Lakini hiyo dawa yake ndiyo mirathi yenyewe. Fanyeni kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe, chukua cheti cha kifo, nendeni mahakamani. Omba wewe uwe msimamizi au muwe wawili wewe na shemeji. Na msimamizi si mrithi, kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa kwa wenye haki na kurudisha hesabu mahakamani. Mikorosho isiyo na msimamizi ndiyo inayonyang'anywa. Na huyo mjomba wa watoto si kaka yako wewe, mwenye sauti kwa watoto kwa mila zetu? Kama kakaa upande mmoja na shemeji basi jiulize, watu wa pande zote mbili wamekosea, aliye sawa ni mtumishi wa juzi tu?

Anakusomea habari ya mjane aliyetoa senti mbili, eti toa hata cha mwisho. Fungua Marko 12 usome mstari wa 40, kabla tu ya huyo mjane. Yesu anawasema wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu. Hiyo hakukusomea. Kasome na 2 Wafalme 4, mjane mwenye deni, Elisha alimuuliza ana nini ndani, mafuta yalipoongezeka akamwambia nenda kauze ulipe deni, yanayobaki mle wewe na wanao. Hakuomba hata kikombe. Halafu Naomi, aliyefiwa na mume na wana wawili akasema mniite Mara kwa vile Mungu amemtendea machungu, akanung'unika wazi wazi, na hakuna aliyemfukuza kwenye imani. Mkwe wake ndiye aliyembeba.

Na nyie wa siku hizi mnanishangaza, ndoa inaanza na kitchen party usiku kucha mnafundishana kukata kiuno na kupanga vyombo, hakuna mmoja anayemwambia bibi harusi ajue hati ya shamba iko wapi, mume anameza dawa gani, akaunti ina jina la nani. Mama mkwe anatangazwa adui kabla hata mahari haijamalizika. Basi mume akifa mke hajui chochote na hana wa kumuuliza, anabaki na maombi ya simu. Usiache mbachao kwa msala upitao, jumuiya yako iliyochimba kaburi, ikapika uji wa matanga na kulala na wewe chini siku zile bado ipo hapo hapo Ndanda, siku ya sala unaijua.

Sasa hivi ni mwezi wa sita, wenzio wanapulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, mikorosho yako haijapata hata palizi. Jumamosi hii chukua watoto wote watatu uende kwa bibi yao, usipeleke maelezo marefu, mwombe msamaha kwa yale ya makaburini maana najua yalimfikia. Shemeji mwambie uko tayari kwa kikao, na kaka yako awepo. Huyo mtumishi akipiga kuulizia sadaka, mwambie korosho za mwaka huu zinaenda AMCOS na pesa inapita benki.