Karatasi ya wapiga kelele: mwalimu wa la pili, usimpe monita

Mwalimu, hiyo karatasi usimpe monita. Umeuliza namna ya kutuliza darasa la pili lenye watoto 70. Lakini katikati umetaja, kama jambo dogo, kwamba kuanzia Jumatatu mtoto mmoja ataandika majina ya wapiga kelele kila unapotoka. Hapo ndipo pa kusimama kwanza.

Wiki ya mwanzo darasa litatulia na utadhani umepata dawa. Kumbe ukiwa ofisini kinachoendelea ni hiki. Monita ana miaka 7 au 8. Ana rafiki zake, ana aliyemnyima ubuyu jana, na yupo mwenye kaka la sita atakayemsubiri njiani. Jina linafutwa kwa andazi, kwa kipande cha muwa, kwa kuazimwa kichongeo. Mtoto mkimya asiye na cha kutoa ndiye anayeandikwa. Halafu zinaanza nyongeza: "sana", "sana sana", mistari miwili chini ya jina. Ukirudi unasoma usichokiona, unaadhibu kwa ushahidi usioweza kuupima, na watoto wote wanakutazama ukifanya hivyo.

Anayejitetea "mimi sikuongea" anaambiwa anabisha. Aliyekwisha kuandikwa hana tena sababu ya kunyamaza, kwa hiyo muda uliobaki anautumia vizuri kuwasumbua wengine. Na monita mwenyewe? Anasimama mbele na karatasi, hafanyi kazi. Fungua daftari la monita wa aina hii baada ya mwezi, ulilinganishe na la jirani yake wa dawati, utaona mapengo. Unataka kulea tabia njema, na hapo unamfundisha mtoto kwamba ukweli unanunulika na kwamba utulivu ni wa kumwonyesha mwenye karatasi.

Tena orodha huita fimbo. Majina 20 yakishakuwa mkononi, mwalimu anaona lazima ayafanyie kitu, basi wanapangwa mstari. Kanuni za viboko za 2002 hapa Tanzania zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kwa kosa kubwa la nidhamu, visizidi viboko 4, na iandikwe kwenye kitabu. Kelele za watoto wa la pili zimo wapi humo?

Wanaoeneza utaratibu huu wananikasirisha kweli. Mwezeshaji anasimama kwenye semina, anauita uongozi wa wanafunzi, tunaandika kwenye madaftari yetu, tunapewa soda, tunarudi nao shuleni. Hakuna anayeuliza nini kinampata mtoto anayeandika. Walimu wakongwe nao wanaurithisha kwa vijana wanaoripoti kazini kana kwamba ni sehemu ya mtaala. Ni uonevu kwa watoto, na tuseme hivyo wazi.

Kanuni yangu ni moja: tabia ya mtoto inashughulikiwa na mtu mzima aliyeiona kwa macho yake. Kama hukuona, usiadhibu. Kagua kazi uliyoacha.

Sasa tazama kelele zinatoka wapi. Kipindi cha la pili ni dakika 30. Ukikaa mezani watoto wakuletee madaftari, kila daftari likachukua nusu dakika, madaftari 70 yanataka dakika 35. Hesabu imekataa kabla hujaanza. Wa kwanza anamaliza, anasahihishiwa, anarudi mikono mitupu, na wengine 15 wako kwenye foleni wakisukumana. Acha kukaa. Pita katikati ya madawati na kalamu nyekundu tangu wanapofanya swali la pili, sahihisha 10 hadi 12 hapo hapo, mengine uyakusanye. Safu uliyopitia leo, kesho uanze na nyingine. Kazi ya ziada iwe ubaoni kabla ya mtoto wa kwanza kumaliza. Weka kopo lenye penseli 8 zilizochongwa, mwenye butu anaacha yake na kuchukua nyingine, kwa sababu kuzunguka kutafuta kichongeo ndiko kunakoanzisha nusu ya ugomvi.

Ishara ya kunyamaza ifundishwe kama unavyofundisha silabi. Wewe makofi matatu, wao wanajibu mawili, mikono juu ya dawati, macho kwako. Zoezi la dakika 5 kila asubuhi kwa wiki mbili, wakati wametulia. Usianze kusema mpaka sauti ya mwisho ikatike. Ukiongea juu ya kelele hata mara moja, wanajifunza kwamba makofi yako hayana maana, na hapo wengi huacha wakisema mbinu imeshindwa.

Ukimwona mtoto anasumbua, mfuate alipo, inama, taja jina lake kwa sauti ya chini na umwambie cha kufanya: "Rudi sentensi ya tatu, nakuja kuiona." Kisha urudi kweli ndani ya dakika mbili. Usiporudi, umemdanganya.

Ukilazimika kutoka, acha kazi inayopimika, sentensi 4 za kunakili na picha moja, mwombe mwalimu wa jirani aache mlango wazi, na uwaambie watoto utakaporudi utakagua nini. Monita abaki na kazi za kutumikia wenzake: kugawa madaftari, kutunza chaki, kumwita mwalimu mtu akiumia au akitoka nje bila ruhusa. Wawe wawili, msichana na mvulana, wabadilishwe kila Jumatatu ili kila mtoto apitie.

Kama umeshamtangaza huyo wa kuandika majina, usimwondoe kimya kimya. Waambie darasa zima asubuhi, yeye akiwepo, kwamba karatasi ilikuwa agizo lako na umeifuta wewe, kisha mkabidhi boksi la chaki. Ufanye asubuhi, usingoje kengele ya kutoka, na siku hiyo umfuatilie mpaka getini aondoke na watoto wa mtaa wao, maana kama majina yalishaanza kuandikwa, wapo wanaomngoja.