Gofu: Maswali Yenu Kuhusu Kadi na Takwimu

Mhariri, nikitazama Kenya Open kwenye runinga naona mmoja ana -7, mwingine E, mwingine +2. Nani anaongoza? (Msomaji, Thika)

Mwenye -7. Kila shimo lina pa yake, yaani mikwaju ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kutumia: 3, 4 au 5. Ukipunguza mkwaju 1 ni bedi, 2 ni igo, 3 ni albatrosi, ambayo huonekana kwa nadra mno. Ukizidisha 1 ni bogi, 2 ni dabo bogi. E ni sawa na pa. Hesabu hiyo inajumlisha mashindano yote tangu siku ya kwanza, wala si ya leo pekee. Klabu ya Muthaiga, Nairobi, ikiandaa Kenya Open pa huwa 71, kwa hiyo raundi 4 ni 284, na anayemaliza kwa -14 amepiga mikwaju 270.

Angalia pia namba ya pembeni, ile inayoonyesha mashimo aliyokwisha cheza leo. F ni kwamba amemaliza. Wawili wenye -5 hawako sawa ikiwa mmoja yuko klabuni anakunywa soda na mwenzake bado ana mashimo mawili ya pa 5 mbele yake.

Handikapu yangu uwanjani ni 20. Shimo la 7, pa 4, nilipiga 6. Mwenzangu anasema nimepata pointi 2 za Stableford, mimi naona 1. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Moshi)

Kadi ndiyo itakayoamua. Stableford ni mfumo wa kuhesabu pointi kwa kila shimo badala ya jumla ya mikwaju, na handikapu ni mikwaju unayopunguziwa kulingana na uwezo wako. Handikapu ya 20 inakupa mkwaju 1 katika kila shimo, hiyo ni 18. 2 zilizobaki zinaenda kwenye mashimo yenye indeksi 1 na 2, yaani yanayohesabiwa kuwa magumu zaidi kwenye kadi. Shimo la 7 likiwa na indeksi hizo, 6 toa 2 ni 4, sawa na pa: pointi 2. Likiwa na indeksi 3 au zaidi, 6 toa 1 ni 5, bogi: pointi 1. Bedi ya neti, yaani baada ya kutoa mikwaju unayopewa, ni pointi 3, igo 4. Dabo bogi na kuendelea hakuna kitu. Pointi 36 ni kucheza sawasawa na handikapu yako.

Pointi zikishapotea, okota mpira, usicheleweshe wenzako. Kwa hesabu ya handikapu shimo hilo huandikwa pa, jumlisha 2, jumlisha mikwaju unayopewa pale. Wanaoacha 11 kwenye kadi bila kuipunguza wanajipandishia handikapu isiyo yao, na siku ya zawadi minong'ono haiishi.

Usishangae pia handikapu ikibadilika ukienda kucheza kwingine. Mwenye indeksi ya handikapu (kipimo cha uwezo wake, si ile ya mashimo) ya 18.0, kwenye uwanja wenye slopu 130 (ugumu wake kwa mchezaji wa kawaida), retingi 71.2 (mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji asiye na handikapu) na pa 72, anafanya hivi: 18 mara 130, gawa kwa 113 (slopu ya uwanja wa wastani), inakuja 20.7, halafu anatoa 0.8, tofauti ya pa na retingi. Jibu 19.9, atapewa 20.

Nilipiga pati 28 lakini jumla ikawa 95. Basi grini ndiko nguvu yangu iliko? (Msomaji, Dar es Salaam)

Huenda, ila pati 28, yaani mikwaju ya kusukuma mpira kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo), hazithibitishi hivyo. Pa 72 inagawanyika: 36 za kufikisha mpira kwenye grini, 36 za pati. Wewe umetumia 67 kufika. Mtu anayekosa grini karibu zote hupiga chipu fupi, mpira ukatua hatua 2 kutoka shimoni, akamaliza kwa pati 1. Pati zinakuwa chache kwa sababu mikwaju ya awali ilikuwa mibaya.

Weka alama kila unapofika grini kwa wakati: mkwaju 1 kwenye pa 3, 2 kwenye pa 4, 3 kwenye pa 5. Kisha pima kwa hatua umbali wa pati ya kwanza, uuandike. Hapo ndipo ukweli ulipo. PGA Tour, mzunguko wa mashindano ya kulipwa wa Marekani, ilianza mwaka 2011 kupima pati kwa umbali, kwa kutumia kazi ya Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia. Kutoka futi 8, wachezaji wa kulipwa hutumia wastani wa pati 1.5. Ukitia kwa 1 umepata nusu mkwaju. Ukitumia 2 umepoteza nusu. Kutoka futi 33 wastani wao ni 2, kwa hiyo pati 2 za mbali si aibu hata kidogo.

Nikisaini kadi yenye kosa? (Msomaji, Nairobi)

Shimo likiandikwa mikwaju pungufu ya uliyopiga, unaondolewa. Likizidi, inabaki hivyo hivyo. Kujumlisha ni kazi ya kamati, wewe hakiki shimo moja moja. Roberto De Vicenzo wa Argentina, kwenye mashindano ya Masters ya 1968 huko Marekani, alipata 3 shimo la 17, mwenzake aliyemwandikia kadi akaandika 4, naye akasaini. Alishindwa kwa mkwaju 1.