Nina miaka 41, naendesha matatu. Nimechelewa kuingia kwenye ambulensi?

*Dada, hujambo? Naendesha matatu ya Kayole na mjini. Mwaka jana mtu wa boda alianguka mbele yangu Jogoo Road. Abiria walitoa simu wakarekodi, nami nikabaki nimemshika mkono bila kujua la kufanya. Tangu hapo nataka kuendesha ambulensi. Nina miaka 41 na cheti cha kidato cha nne. Nimechelewa? Mke wangu anasema nitamletea damu nyumbani. — Baba Shiku, Kayole*

Baba Shiku, hujachelewa. Nilifanya kazi ya ambulensi hapa Nairobi kabla sijaanza kufundisha, na darasani kwangu wamekaa mabawabu na akina mama wa mitumba. Ninaloliogopa ni hilo neno lako “kuendesha”. Mkifika kwenye ajali mko wawili au watatu tu, kwa hiyo dereva asiyejua kumshika mgonjwa ni mzigo kwa wenzake.

Tena dereva wa matatu akija kwetu, kwanza tunamtoa umatatu. Aliyevunjika nyonga huhisi kila tuta. Ukikata kona kama unayewahi abiria Muthurwa, mwenzako anayetafuta mshipa huko nyuma anarushwa mlangoni. King'ora nacho hakifungui foleni ya Jogoo Road jioni. Unachotuletea ni kuzijua njia za panya, na kuzoea kuongea na watu waliopandwa na hasira. Hilo la pili usilidharau.

Siku nyingi utakuwa unahamisha wagonjwa kutoka hospitali hii kwenda ile na kujaza fomu. Halafu usiku inaingia simu ya gorofa ya tano, Pipeline, jengo halina lifti. Machela haipiti kwenye kona za ngazi zile. Mgonjwa anakalishwa kwenye kiti cha kubebea, anafungwa mikanda kifuani na miguuni. Mmoja anashika upande wa chini, mwingine wa juu, na wa tatu akipatikana anatangulia kuondoa majiko, kamba za nguo na watazamaji huku akihesabu ngazi kwa sauti. Mtungi wa oksijeni nao lazima mtu aubebe. Hapo ndipo miaka 41 hujitangaza, kiunoni. Kwa hiyo anza mazoezi sasa, na ujifunze kunyanyua kwa nguvu za miguu, si za mgongo. Hata kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 au 6, kunachosha kiasi kwamba mnapokezana kila baada ya dakika 2.

Usiache matatu bado. Anza na kozi fupi ya huduma ya kwanza, St John Ambulance au Kenya Red Cross. Hata ukiishia hapo, mtu wa boda akianguka tena hutabaki umemshika mkono tu. Hamu ikibaki, tafuta kozi ya msingi ya uhudumu wa dharura. Kabla hujatoa shilingi, kiulize chuo kama kinatambuliwa na KCEMT, baraza la wahudumu wa dharura, na mazoezi ya vitendo yatafanyiwa kwenye ambulensi ipi na katika kitengo cha dharura cha hospitali ipi. Wakikuonyesha picha za sare badala ya kujibu, ondoka.

Soma pia Ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010: mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inahesabu hata huduma ya kabla ya kufika hospitali kuwa sehemu ya matibabu hayo. Utaihitaji siku utakaposimamishwa langoni ukidaiwa amana huku mgonjwa anahema.

Kuhusu Mama Shiku: damu hufuliwa. Kinachomfuata mtu hadi nyumbani ni wagonjwa watoto, hasa wa rika la Shiku. Siku hiyo ongea na mwenzako wa zamu kabla hujafika mlangoni, na mke wako umwambie tu kwamba leo ilikuwa mbaya. Lakini mimi nadhani kinachomtisha zaidi ni pesa, na ana haki. Wengi huanza na vibarua, kama kusimama zamu ya dharura uwanjani Kasarani siku ya mechi, na huenda kwa muda ukapata chini ya unachopata sasa. Kaeni chini mpige hesabu ya karo, kodi ya nyumba na hiyo miezi ya mafunzo kabla hujamrudishia mwenye matatu funguo zake.