Kabla ya Kununua Pampu ya Kusafishia Mipira ya Bia

Mtu akiweka friji ya bia ya kegi nyumbani, cha kwanza huulizia pampu. Pampu ije baadaye. Anza na spana ya koki na brashi mbili nyembamba, kwa sababu uchafu huanzia kwenye koki: hapo ndipo bia hukutana na hewa na bakteria wa siki hupata makao. Spana yenyewe ni chuma kilichopinda, chenye kijino kinachoingia kwenye tundu la pete iliyo nyuma ya koki. Ukisimama mbele ya koki, pete hiyo hulegea ukizungusha kulia. Wengi huzungusha kushoto kwa mazoea, wakazidi kuikaza, halafu wakasingizia kutu.

Sasa pampu. Mpira wa kawaida wa nyumbani, ule unaoleta bia kutoka kwenye kegi hadi kwenye koki, una kipenyo cha ndani cha milimita 4.8, na mita 3 zake hubeba kama mililita 55 tu. Kwa koki moja au mbili, chupa ya lita moja yenye pampu ya mkono inatosha kabisa. Unatoa koki, unafunga chupa mahali pake, unasukuma dawa ya kusafishia irudi nyuma mpaka itokee kwenye kapla, kile kichwa kinachofungwa juu ya kegi, uliyoiweka ndooni. Ikigoma kupita, usilazimishe: kapla nyingi zina kigololi ndani kinachozuia bia isirudi kwenye kegi. Kitoe kwanza. Na ukiagiza kifaa kinachofungwa kwenye kapla, hakikisha aina yake. Kegi nyingi za Marekani hutumia kapla ya aina ya D, za Ulaya nyingi ya aina ya S.

Pampu ya umeme inaishinda ya mkono kwa mwendo. Dawa iliyotulia inategemea ukali wake peke yake, nayo huhitaji dakika 20. Inayozunguka husugua pia, dakika 15 zinatosha. Una koki tatu na kuendelea, au mipira mirefu? Nunua. Chini ya hapo ni mapambo.

Wapo wanaojaza dawa kwenye kegi tupu na kuisukuma kwa gesi ya bia. Hatuipendi njia hiyo: gesi hiyo ni kaboni dioksidi, na kostiki, ile alkali kali iliyo kwenye dawa, huinywa ikageuka kaboneti, na makali yake yakapungua.

Dawa ni kostiki ya asilimia 2, au 3 kwa mipira iliyopuuzwa, katika maji ya nyuzi 27 hadi 43 za Selsiasi, kila wiki mbili. Asilimia 2 ni gramu 20 za kostiki kwa lita, lakini dawa za dukani huja zimeshachanganywa na maji kiasi, kwa hiyo fuata lebo. Mimina dawa kwenye maji, kamwe si maji kwenye dawa, ukiwa umevaa glavu na miwani. Tumia ndoo ya plastiki. Sufuria ya alumini italiwa na kostiki huku ikitoa haidrojeni, gesi inayowaka. Jiki nayo iache kwenye nguo. Klorini hutoboa hata chuma kisichoshika kutu.

Kila miezi mitatu pitisha asidi ya kusafishia mipira, kwa sababu ukoko wa kalisi kostiki hauuwezi. Suuza vizuri kati ya kostiki na asidi, usizichanganye kabisa. Mwisho suuza hadi karatasi ya kupimia pH isome sawa na maji ya bombani.

Mpira wa vinaili hubadilishwa kila mwaka. Ukiwa bado unanuka siagi baada ya kuoshwa, usingoje mwaka utimie.